Lipitor imekuzidi bei? Uliza atorvastatin

Daktari akikuandikia Lipitor, dawa ya kushusha lehemu (kolesteroli), na bei ikakuzidi kimo, usiache dawa, wala usianze kumeza leo na kuruka kesho. Muulize mfamasia kama ana atorvastatin ya kampuni nyingine. Ndivyo tulivyomfanyia baba yangu hapa Dar, na vipimo vyake vya lehemu vimeendelea kuwa vizuri.

Lipitor ni jina la biashara lililokuwa la Pfizer hadi mwaka 2020. Dawa yenyewe ni atorvastatin. Ulinzi wa hataza, yaani haki ya kuitengeneza peke yake, ulikwisha Marekani mwaka 2011, na sasa viwanda vingi, vikiwemo vya India, vinaitengeneza. Bei imeshuka kwa sababu viwanda hivyo havikugharamia utafiti wa mwanzo, tena vinagombania wateja. Nguvu ya dawa haijapunguzwa.

Kuna maneno yanayozunguka mtaani kwamba jeneriki, yaani dawa ileile ya kampuni nyingine, inaruhusiwa kupungua nguvu kwa asilimia 20. Yananiuma, maana yanawaachisha watu dawa. Kinachopimwa ni kiasi cha dawa kinachofika kwenye damu ya watu waliojitolea, wakipewa ile ya kwanza na ile mpya. Uwiano wa ile mpya kwa ile ya kwanza, pamoja na nafasi yote ya shaka inayouzunguka wastani wake, lazima uingie kati ya asilimia 80 na 125. Dawa iliyopungua kweli kwa asilimia 20 isingepenya hapo.

Baba hesabu hizo hazikumshughulisha. Aligeuza kidonge kiganjani akasema, "Mwanangu, hiki si kile. Kile kilikuwa kirefu, hiki duara." Nikamwekea maboksi mawili mezani. Moja limeandikwa Lipitor kwa herufi kubwa, na chini yake kwa herufi ndogo atorvastatin, 20 mg. La pili lina jina jingine kubwa, lakini chini yake ni atorvastatin ileile, 20 mg. "Baba, soma hapa chini, pale juu paache." Akasoma mara mbili, akaridhika. Umbo, rangi na vijazio vya kidonge vinaweza kutofautiana, kwa hiyo asiyepatana na sukari ya maziwa amwambie mfamasia mapema.

Hatari ninayoiogopa zaidi ni mzee kumeza vyote viwili akidhani ni dawa mbili. Sisi tulimaliza pakiti ya zamani kwanza, ndipo tukafungua mpya. Kwenye nyumba yenye wagonjwa wa presha na kisukari, ambako dawa zimejaa bakuli moja, hili tafadhali lisimamiwe na mtu mmoja.

Angalia pia usipewe rosuvastatin ukiambiwa "hii ni ileile." Ni ya ukoo mmoja na atorvastatin, ila ni dawa nyingine, na miligramu zake zina nguvu zaidi. Kubadilisha hivyo ni kazi ya daktari.

Wanaoogopa ubora nawaelewa. Novemba 2012 Ranbaxy iliondoa sokoni Marekani baadhi ya atorvastatin yake kwa hofu ya vipande vidogo vya kioo. Lakini mwaka 2003, hukohuko Marekani, mamilioni ya vidonge vya Lipitor yalirudishwa baada ya kugundulika bandia sokoni. Jina kubwa halikuwalinda wanunuzi. Kwa hiyo nunua famasi yenye kibali, dawa iliyosajiliwa na TMDA (mamlaka ya dawa ya Tanzania), boksi halijafunguliwa, tarehe ya mwisho inasomeka. Vidonge vilivyokatwa kutoka kwenye pakiti na kutiwa kwenye bahasha isiyo na maandishi mimi sichukui.

Kisha pima. Daktari wetu aliagiza kipimo cha lehemu baada ya miezi miwili hivi, na LDL (lehemu mbaya) ya baba ilikuwa palepale. Majibu hayo ndiyo yaliyomtuliza kuliko maelezo yangu yote. Misuli ikiuma au kulegea bila sababu, na hasa mkojo ukiwa mweusi, wahi hospitali, uwe unatumia Lipitor au jeneriki. Ukiandikiwa dawa ya maambukizi kama clarithromycin, taja kwamba unatumia atorvastatin. Balungi nalo lisiliwe kwa wingi.

Siku ya kliniki, mwombe daktari aandike "atorvastatin" na miligramu zake kwenye cheti badala ya Lipitor. Na ukipata kampuni inayopatikana mwaka mzima, baki nayo, ili mgonjwa asikutane na kidonge kigeni kila mwezi.