Jibu: Pedali ya fazi inanguruma, na ukiikanyaga sauti inakatika
Kaka, umeuliza kuhusu fazi uliyojiundia, pedali inayokwaruza sauti ya gitaa. Kunguruma ukitumia adapta na sauti kukatika ukikanyaga ni magonjwa mawili, usiyatibu pamoja. Weka betri ya volti 9 kwanza. Mngurumo ukiisha, adapta ndiyo haichuji umeme vizuri.

Sauti kukatika ndiko kunakonitia shaka. Unasema transista, vile vipande vya miguu mitatu vinavyokuza sauti, ulizipata hapa Lubumbashi, soko la mtaa wa Kenya: aina ya BC547 badala ya 2N3904 za mchoro. Miguu yake imepangwa kinyume! Ubapa ukikutazama, miguu chini, BC547 huanza na mguu uitwao kolekta kushoto, 2N3904 na ule uitwao emita. Zigeuze, kisha pima kolekta ya transista ya pili: tafuta karibu volti 4.5. Ikibaki 9 au karibu na sifuri, tuma picha ya upande uliolehemu. Usiitupe pedali, tafadhali.