Maswali ya wasomaji: turathi za Kaunti ya Homa Bay

Tutakuwa Homa Bay kwa siku mbili na watoto wa shule ya msingi. Tuanzie wapi?

Anzieni Rusinga, kwa kuwa kisiwa hicho kinafikika kwa gari kupitia daraja la Mbita. Huko ndiko Mary Leakey alikolipata, mwaka 1948, fuvu la nyani wa kale asiye na mkia aliyeishi yapata miaka milioni 18 iliyopita. Waelezeni watoto pia kwamba spishi hiyo ilipewa jina la heseloni mwaka 1993 kwa heshima ya Heselon Mukiri, Mkenya aliyefanya kazi ya uchimbaji pamoja na familia ya Leakey kwa miaka mingi. Mchango wa watu kama yeye hautajwi vya kutosha.

Je, mgeni anaruhusiwa kuzuru kaburi la Tom Mboya?

Ndiyo, nalo liko Rusinga hiyo hiyo, ndani ya jengo la ukumbusho lenye umbo la risasi. Mboya aliuawa kwa kupigwa risasi jijini Nairobi tarehe 5 Julai 1969, akiwa waziri mwenye umri wa miaka 38. Bisheni hodi kwanza na kumwona mtunzaji, kwani hilo ni kaburi la mzazi na ndugu wa watu.

Ni kweli kwamba chini ya Ziwa Simbi kuna kijiji kilichozama?

Wazee wa Kendu Bay husimulia kwamba ajuza mmoja alifika kijijini usiku wa sherehe akiomba hifadhi, akafukuzwa na wote isipokuwa mwanamke mmoja; ajuza huyo akamwonya mwanamke huyo ahame upesi. Kisha mvua kubwa ikanyesha na kijiji kikazama pamoja na watu wake. Wanajiolojia, kwa upande wao, wanaonyesha kwamba Simbi ni kreta ya volkano iliyojaa maji ya magadi, nayo haina mto unaoingia wala unaotoka. Sioni sababu ya kuitupa simulizi kwa kuwa tumepata maelezo ya kreta: simulizi hiyo imewafundisha vizazi vingi wajibu wa kumkaribisha mgeni, na imelifanya ziwa liogopwe na kuheshimiwa.

Nani alichora michoro ya miambani kisiwani Mfangano, na imesalimikaje?

Michoro ya Mawanga na Kwitone, yenye miduara na miale ya rangi nyekundu na nyeupe, huhusishwa na Watwa, wawindaji walioishi huko kabla ya Wasuba. Ninaamini imesalimika hasa kwa sababu koo za kisiwani ziliendelea kuyahesabu maeneo hayo kuwa matakatifu, zikiyahusisha na maombi ya mvua, hata mtu asithubutu kuikwangua miamba hiyo. Ukivuka kwa boti kutoka Mbita, pitia kwanza Makumbusho ya Amani ya Abasuba, upate mwenyeji wa kukuongoza. Huko utajifunza pia habari za lugha ya Kisuba, ambayo wazungumzaji wake wanazidi kupungua huku Kidholuo kikishika nafasi yake.

Mvua imefukua mifupa migumu kama jiwe pamoja na mawe yenye makali katika shamba letu huko Karachuonyo. Tufanye nini?

Msiyaondoe. Katika rasi ya Homa, eneo la Nyayanga limetoa zana za mawe za kati ya miaka milioni 2.6 na milioni 3 iliyopita, pamoja na mifupa ya viboko yenye alama za kukatwa, kama watafiti walivyotangaza mwaka 2023. Umri huo ulikadiriwa kwa kuchunguza tabaka za udongo zilizohifadhi vitu hivyo, kwa hiyo jiwe likishaokotwa na kuwekwa kabatini hupoteza sehemu kubwa ya ushahidi wake. Pigeni picha, wekeni alama mahali penyewe, zuieni mifugo isipite hapo, kisha mtoe taarifa kwa Makumbusho ya Taifa, ambayo ina tawi Kisumu. Mtu akija kutaka kuyanunua, mkatalieni, na taarifa zake mzifikishe huko huko.