Alien wa Kenner wa 1979: kichwa kwanza

Ndugu, umeuliza kama yule Alien mkubwa wa inchi 18, mdoli wa jitu la filamu ya Alien aliyetengenezwa na Kenner, kampuni ya vinyago ya Marekani, bado ana thamani akikosa kifuniko cha kichwa. Anayo, ila imeshuka sana. Kile kifuniko cha plastiki angavu ndicho roho yake: chini yake kuna fuvu linalong'aa gizani, na bila hicho unashika nusu ya mdoli. Ndicho kinachopotea mara nyingi, pamoja na miiba ya mgongoni. Jaribu pia kitufe cha nyuma ya kichwa. Taya la ndani litoke na kurudi bila kukwama. Ukiambiwa "kamili", uliza kama kifuniko ni cha asili, kwa sababu vya kuigiza vinauzwa. Mimi ningemchukua mwenye michubuko lakini vipande vyote vya 1979, kuliko anayemeremeta kwa vipande vya juzi. Filamu yenyewe ilikuwa ya watu wazima, mdoli akapelekwa kwa watoto! Wazazi walimwona anatisha mno, hakuuzika vizuri, na ndiyo maana waliobaki kamili ni adimu. Sanduku lake lipo?