Maswali ya baiskeli: kushuka Val Venosta bila kupigiwa honi

Tangu niitaje Val Venosta, lile bonde la milima ya Alps kaskazini mwa Italia unaloweza kulishuka kwa baiskeli toka juu mpaka chini na magari ukayaona kwa mbali tu, maswali hayaishi. Nimechukua machache, yanayofanana nimeyaunganisha.

Haina magari kweli au ni matangazo tu? Mimi mtu wa Dar, nikisikia njia ya baiskeli najua ntakuta bodaboda na muuza mahindi ya kuchoma. (Msomaji, Tabata)

Haina kweli, kwa sehemu kubwa sana. Njia inaanzia kijiji cha Resia, jirani kabisa na mpaka wa Austria, mita kama 1,500 toka usawa wa bahari, halafu inafuatana na mto Adige mpaka mji wa Merano ulioko mita 300 na kitu, jumla kilomita kama 80 hivi na karibu zote lami. Kuna vipande unachepuka kwenye barabara za vijijini na za mashambani, hapo unaweza kukuta trekta limebeba makreti ya matufaha, mpishe, yeye yuko kazini wewe uko likizo.

Cha kuogopa pale ni baiskeli wenzako. Jumapili ya Agosti ni balaa, familia nzima wamejipanga upana wa njia, vitrela vya watoto, mbwa kwenye kikapu, bibi wa watu kwenye baiskeli ya umeme anakuacha mlimani anapiga stori na mwenzie. Kaa kulia, piga kengele. Na kengele yenyewe ni lazima kisheria Italia.

Nina miaka 61, mazoezi sina, kijana wangu anaishi Munich anataka twende naye. Nitaweza kweli? (Mzee wa Moshi)

Shikamoo mzee. Utaweza vizuri tu, ila mwambie kijana asikuanzishe Merano! Bonde hili halitaki kifua, linataka ujue uanzie wapi. Wapo vijana wanaenda na baiskeli za bei ya pikipiki wanalipanda toka chini ili waweke picha, waache, ninyi pandeni treni.

Ipo reli toka Merano mpaka Malles, ya tangu 1906, ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 90 ikaonekana imekufa, mwaka 2005 ikafunguliwa upya na ndiyo imelifanya bonde zima kuwa la waendesha baiskeli, maana unakodi baiskeli kituo kimoja unairudisha kituo kingine, hakuna cha kurudi ulikotoka. Malles iko mita kama 1,000 hivi. Mkianzia hapo mna kilomita kama 60 za kushuka taratibu mpaka Merano, na mkichoka katikati kuna Silandro, kuna Laces, mnaegesha mnapanda treni, hakuna atakayewacheka. Mkitaka yote toka Resia kuna basi la kuwapandisha kutoka Malles, lakini mzee kile kipande cha kutoka kwenye maziwa yaliyoko juu karibu na Resia kushuka kijiji cha Burgusio ni kikali, vidole viwe kwenye breki muda wote. Kipo na kingine mwishoni kabisa, baada ya Tel, kona juu ya kona mpaka Lagundo, hapo watu wameshachoka na wanajisahau.

Mambo mawili kuhusu treni. Msimu wa watalii nafasi za baiskeli ni chache, kwa hiyo ni rahisi kukodi kule kule kuliko kubeba yenu. Pili, reli imekuwa na vipindi vya matengenezo ya kuwekewa umeme ambapo vipande vingine treni ilisimama mabasi yakachukua abiria, kwa hiyo kijana aangalie ratiba kabla hamjatoka Munich, sio mkiwa mmeshafika stesheni.

Halafu kwa vile ni mtu wa Moshi, kuna kitu utakiona ujisikie nyumbani. Bonde lile ni kame, sehemu nyingi mvua ya mwaka mzima ni milimita 500 hivi, kwa hiyo wakulima toka karne za kati walichimba mifereji kutoa maji juu milimani na kugawana kwa zamu. Ni mifongo ya Wachaga kabisa! Wao wanaiita Waale, na pembeni yake kuna njia za miguu, mkipumzisha baiskeli tembeeni kidogo.

Nimeona picha ya mnara wa kanisa uko katikati ya maji, hiyo si edit? (Dada wa Kisumu)

Sio edit dada. Lile ziwa la Resia ni bwawa la umeme, lilijazwa 1950, na kijiji cha Curon kikazamishwa pamoja na sehemu ya Resia yenyewe, nyumba 163 na mashamba yao. Watu walipinga sana hawakusikilizwa, wengi wakahama bonde moja kwa moja. Mnara wa kanisa, wa mwaka 1357, ukaachwa. Leo foleni ya watu na aiskrimu wanapiga selfie pale, sisemi usipige, ila huwa nashangaa mtu anaondoka hata hajauliza wenye nyumba walienda wapi. Kuna njia pande zote mbili za ziwa, mnara uko upande wa mashariki.

Tukitokea Austria kwa baiskeli nako hakuna magari? (Jamaa wawili, Innsbruck)

Huko magari yapo, msidanganyike na ramani. Toka Landeck mnafuata mto Inn vizuri tu, halafu kupandia Nauders, kijiji cha Austria cha karibu na mpaka, wengi wanazungukia Martina upande wa Uswisi, wanapanda njia ya mlimani iitwayo Norbertshöhe, kona kali 11 mpaka mita 1,405, na mnagawana lami na magari na pikipiki. Sio mwinuko wa kutisha ila mkiwa na mizigo kwenye keria mtaujua. Kuna mabasi yanabeba baiskeli, mimi ningepanda bila aibu. Nauders mpaka Resia ni karibu.

Baiskeli gani?

Ya gia yoyote yenye breki nzima. Tairi nene kidogo ni raha zaidi, mfuko wa pembeni badala ya begi mgongoni, tyubu ya akiba na pampu. Basi.

Tuna watoto wa miaka 7 na 9, kilomita 80 hawatoboi. (Mama, Graz)

Basi muache Val Venosta, nendeni mto Drau. San Candido (upande wa Italia) mpaka Lienz (Austria) ni kilomita kama 44, mnashuka mita kama 500 tu kwa safari nzima, mnarudi na treni. Njiani, pale Heinfels, kuna kiwanda cha biskuti za wafer kina duka, watoto hawatakubali mpite. Agosti Waitaliano wote wako pale kwa hiyo tokeni asubuhi mapema. Na waonyesheni hili: pale Dobbiaco juu kidogo ya San Candido maji yanagawana, ya Drau yanaenda mpaka Bahari Nyeusi na ya mto Rienza yanaishia bahari ya Adriatiki.

Visa na sheria? (wengi)

Pasi ya Tanzania au Kenya, visa ya Schengen, na bima ya safari isiyopungua euro 30,000. Ukiwa na kibali cha kuishi Ujerumani au Austria unaenda tu, ila tembea na pasi. Helmeti kwa mtu mzima sio lazima Italia, vaa. Kwenye tunel, na usiku nje ya mji, kizibao cha kung'aa ni lazima.

Niende mwezi gani? (Kaka wa Mombasa anayeogopa baridi)

Juni au Septemba kaka. Aprili maua ya matufaha ni mazuri mno lakini usiku barafu bado inashuka, ndio utaona wakulima wanamwagia miti maji usiku ili maua yagandie ndani ya barafu, maji yakiganda yanatoa joto kidogo na ua haliungui. Mtu wa Mombasa huko asubuhi hatatoka kitandani. Septemba ni mavuno, hali ya hewa imetulia, umati umepungua. Miezi ya joto jihadhari na mashine za kumwagilia mashambani, zinazunguka na kurusha maji mpaka kwenye njia bila taarifa, simu iwe ndani ya plastiki.