Vita vya Kagera au vita vya ukombozi?

SWALI: Nimekulia Bukoba, ambako tunasema "Vita vya Kagera". Shemeji zangu wa Masaka, Uganda, huviita "vita vya ukombozi". Jina lipi ni sahihi? Na je, ni "vita ya" au "vita vya"?
Msomaji, Bukoba

JIBU: Ndugu msomaji, nianze na la pili kwa kuwa ni jepesi. Vita huchukua upatanisho wa vi-: vita vilianza, vita vile, vita vya. "Vita ya" utaisikia sana mitaani, na Kongo ndiyo ya kawaida, lakini katika maandishi sanifu shika "vya".

La kwanza lina uzito. Kisarufi majina yote mawili yanasimama. Tazama tu kinachofuata hiyo "vya". Kagera ni mahali. Mtanzania huanza kusimulia Oktoba 1978, majeshi ya Idi Amin yalipovuka mpaka, yakateka ardhi hadi Mto Kagera na kuvunja daraja la Kyaka. Anakumbuka nduli aliyetimuliwa, na mashujaa waliozikwa Kaboya, Muleba. Ukombozi ni kusudi. Mganda mwenye kulitumia jina hilo huanzia 1971, Amin alipotwaa madaraka, na kilele chake ni Aprili 11, 1979, Kampala ilipotekwa na jeshi la Tanzania, JWTZ, pamoja na wapiganaji wa Kiganda.

Tangu zamani, anayekombolewa ni mtumwa, au mali iliyowekwa rehani. Lazima awepo aliyeshikwa. Waganda wengi walijiona ndio walioshikwa, wakawaita askari wa Tanzania "bakombozi": shina la Kiswahili, kiambishi cha Kiganda. Neno hilo nalipenda sana, kwani lilizaliwa midomoni mwa raia, halikuagizwa na serikali yoyote. Lakini hao hao wanaikumbuka pia "Saba Saba", ambayo kwetu ni sikukuu ya Julai na kwao ni mizinga ya roketi ya JWTZ. Masaka ya shemeji zako ilibomolewa vibaya na jeshi hilo hilo mapema 1979.

Wala Waganda wenyewe hawana kauli moja. Huko West Nile, alikotoka Amin, watu wengi walikimbilia Zaire na Sudan wakihofia kisasi. Mbele yao "ukombozi" ni neno la kutamkwa kwa uangalifu. Tena Siku ya Ukombozi ya Uganda huadhimishwa Januari 26, kwa ajili ya ushindi wa Museveni wa 1986, hivyo ukiandika "vita vya ukombozi" bila mwaka, msomaji wa Kampala huenda akafikiria vita vingine kabisa.

Ukiwaandikia Watanzania, tumia Vita vya Kagera, kwa herufi kubwa, maana ni jina maalumu. Ukiwaandikia wa pande zote, andika "vita vya 1978–1979 kati ya Tanzania na Uganda". Ninachokusihi uepuke ni "vita vya Watanzania na Waganda", kwa sababu Waganda walipigana pande zote mbili. Na ukiwa kwa shemeji zako, "vita vya kumwondoa Amin" vitaeleweka bila ubishi.