Nia, sarafu na mkono usiojijua

Mhariri, swali lenu la wiki hii linauliza: "Je, nia ya mtu inaweza kubadili kitu ambacho hajakigusa?" Nianze na jibu: sijaona ushahidi wa kunifanya niseme ndiyo. Nimeutafuta kwa hamu, maana ningefurahi sana kuupata.

Msidhani waliolishughulikia swali hili ni wapiga ramli tu. Robert Jahn alikuwa mkuu wa kitivo cha uhandisi katika Chuo Kikuu cha Princeton, Marekani, alipofungua maabara ya kuchunguza jambo hili hili mwaka 1979. Kifaa chao kikuu kilikuwa mashine ya kielektroniki inayofanya kazi kama mtu anayerusha sarafu mara 200 kwa mkupuo mmoja. Ikiachwa peke yake, kwa wastani vichwa hutokea mara 100. Mshiriki aliketi karibu bila kuigusa, akanuia vichwa vizidi. Mkupuo mwingine akanuia vipungue. Mwingine akakaa tu bila kunuia lolote. Utaratibu mzuri kabisa, hasa hilo la kunuia pande mbili, maana mashine yenye hitilafu ya kuegemea upande mmoja ingejifichua.

Wakaendelea hivyo kwa karibu miaka 28, wakakusanya mikupuo kwa mamilioni. Wakaripoti kwamba namba zilifuata nia, ila kwa kiasi kidogo mno: sehemu chache tu katika kila elfu kumi. Tofauti ya namna hiyo huwezi kuiona kwa macho hata ukikesha mbele ya mashine. Inajitokeza kwenye takwimu tu, tena baada ya kulimbikiza namba nyingi sana. Wakosoaji nao walionyesha kwamba mshiriki mmoja peke yake ndiye aliyebeba sehemu kubwa ya matokeo.

Tiba ya ubishi wa namna hii ni kurudia jaribio. Wakarudia kweli: maabara mbili za Ujerumani, Freiburg na Giessen, zikaungana na Princeton yenyewe. Matokeo yalichapishwa mwaka 2000. Athari iliyotarajiwa haikuonekana, hata kwa Princeton. Hapo ndipo waliponipoteza, kwa sababu badala ya kukubali, walianza kusema kwamba ndani ya namba hizo kuna mipangilio mingine ya ajabu ambayo haikutegemewa. Ukimruhusu mtu achague shabaha baada ya mshale kutua, hatakosa kamwe. Maabara ilifungwa mwaka 2007.

Kabla haijafungwa, mwaka 2006, watafiti wengine walikusanya majaribio 380 ya aina hiyo na kuyapima kwa pamoja. Walikuta athari ndogo, lakini yenye tabia ya kutia shaka: majaribio madogo yalitoa athari kubwa, na kadiri jaribio lilivyokuwa kubwa ndivyo athari ilivyonywea. Maelezo waliyoyaona yanatosha ni kwamba majaribio madogo yaliyofanikiwa huchapishwa, na yaliyoshindwa hubaki kwenye droo. Wapo waliowapinga, na ubishi haukuisha. Mimi nakumbuka tu kwamba mwamba ngoma ngozi huivutia kwake, wala hahitaji kuwa mwongo ili avute.

Najua wapo watakaowaandikia kuhusu fizikia ya kwanta, ile ya vitu vidogo mno kama atomu, kwamba "mtazamaji" hubadili chembe kwa kuitazama. Neno hilo limeponza wengi. Mwaka 2004, huko Vienna, wanafizikia walipasha joto molekuli kubwa za kaboni zilizokuwa zikijiendesha kama mawimbi. Zilipopata moto wa kutosha zikaanza kutoa mwanga, na tabia ile ya mawimbi ikafifia. Mwanga uliotoka ulitosha kubeba habari za mahali molekuli ilipo. Huko ndiko "kutazamwa" kwenyewe: hapakuhitajika mtu wa kuusoma mwanga huo.

Shujaa wangu katika habari hii ni Michael Faraday, mwanasayansi Mwingereza. Mwaka 1853 Uingereza ilikuwa imeshikwa na wazimu wa meza zinazozunguka: watu wanaizunguka meza, wanaweka mikono juu, meza inasogea, na kila mmoja anaapa hakusukuma. Faraday hakuwaita waongo. Alipanga vipande vya kadibodi juu ya meza, akavishikiza kwa gundi laini, mikono ikawekwa juu yake. Kama meza ndiyo inayovuta mikono, vipande vya chini vingetangulia. Vilivyotangulia vilikuwa vya juu: mikono ilikuwa ikisukuma, wenyewe hawajui. Kisha akaunganisha kijiti cha kuonyesha kila msukumo. Washiriki walipokiona kijiti, meza ilitulia.

Kwa hiyo nia inatenda, ila inapita mwilini, na mara nyingi bila kutuaga. Mwaka 1978 wagonjwa waliotoka kung'olewa meno walipewa dawa bandia, na baadhi yao maumivu yakapungua. Walipopewa naloksoni, dawa inayozuia kazi ya afyuni, maumivu yalizidi kwa wale wale ambao dawa bandia iliwasaidia. Hiyo ilikuwa dalili kwamba matarajio yao yalikuwa yameufanya mwili utoe kituliza maumivu chake wenyewe. Kwangu hilo ni la ajabu kuliko sarafu zote za Princeton.

Anayetaka kujionea mwenyewe afunge pete kwenye uzi, aushike kwa vidole, anuie pete iende mbele na nyuma bila kuisukuma. Itaanza kwenda, na utaapa hujafanya kitu. Halafu fumba macho, mwenzako aangalie. Mfaransa Chevreul alilijaribu hilo zamani, akaandika habari zake mwaka 1833: akizibwa macho, mwendo unakoma.