Gurudumu la mbele la Cessna 172 kutetemeka baada ya kutua

Mkuu, umeuliza kama ni kweli alivyokuambia mwalimu wako, kwamba gurudumu la mbele la 172 kutetemeka hadi dashibodi nzima inacheza ni kawaida ya ndege za shule. Mimi nafundisha urubani kwa ndege hizo hizo hapa uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi, na nakuambia si kawaida. Watu wameizoea tu.

Kwenye mguu wa mbele kuna kisilinda kidogo cha mafuta, shimi-dampa, kinachozuia gurudumu lisiyumbe kushoto na kulia. Mafuta yakivuja, hakifanyi kazi tena. Pia kuna mikono miwili ya chuma inayojikunja mguu unapobonyea. Bushi zake, yaani vipete vya kwenye viungo, zikilika, gurudumu linalegea. Tairi lenye upepo pungufu au lililolika upande mmoja nalo linachangia.

Ndege moja ilitutetemesha hivyo mimi na mwanafunzi wangu, nikaipeleka kwa fundi. Aliichomoa shimi-dampa, akaishika fimbo yake na kuisukuma huku na huku. Ilikwenda laini kabisa, haina ukinzani. Dampa ilikuwa kavu. Kilichoniuma ni kwamba kitabu cha ndege, kile cha kuandikia hitilafu, hakikuwa na neno hata moja kuhusu mtetemo, na waliokuwa wameirusha kabla yetu walikuwa wanaujua!

Sasa upande wako wewe rubani. Wilson iko kama futi 5,500 juu ya usawa wa bahari. Hewa huku ni nyepesi, kwa hiyo kipimo cha kasi kikisoma noti 60 (maili za baharini kwa saa), kasi yako halisi inazidi 65, na mchana wa jua kali inapanda zaidi. Ukija na kasi ya ziada ukatua bapa, pua haijainuka, gurudumu la mbele linagusa lami mapema na kubeba mzigo usio wake. Tua kwa magurudumu makuu, yale mawili ya nyuma, endelea kuvuta usukani, uache pua ishuke polepole yenyewe. Mtetemo ukianza, vuta usukani nyuma uipunguzie pua uzito, throto (mkono wa nguvu za injini) iwe imerudi yote, na usikanyage breki kwa nguvu, maana breki inaisukuma pua chini zaidi.

Kabla ya kuruka, chuchumaa pale mbele. Angalia kama mguu umelala (propela inakuwa karibu mno na ardhi), kama kuna mafuta mekundu yanayochuruzika, na kama bati karibu na ukuta wa injini lina mikunjo. Mikunjo hiyo ni dalili kwamba kuna mtu aliitua kwa pua, na ndege hiyo usiiguse mpaka fundi aikague.

Kwa hiyo leo andika kitabuni: mtetemo wa gurudumu la mbele, ulianza kwa kasi gani, ulikoma kwa kasi gani. Taja kama breki zilikuwa zimekanyagwa, maana fundi atauliza hilo kwanza. Na solo, yaani kuruka peke yako, kwa ndege hiyo, mdogo wangu, isubiri saini ya fundi.